Kabla ya Jina, Angalia Nani Amekalia Kiti

Juzi nimesahihisha moko pamoja na walimu wa ajira mpya, na kilichoniumiza kichwa si majibu ya wanafunzi. Ni mwongozo wa kusahihishia, ulioandikwa na mmoja wenu: "Bismarck alisaini Mkataba wa Heligoland." Jamani! Mkataba ule, kati ya Ujerumani na Uingereza, ni wa Julai 1, 1890. Bismarck aliondoka madarakani Machi mwaka huohuo, na kansela (mkuu wa serikali) wa Ujerumani alikuwa Caprivi. Waliokariri kosa wakala tiki, na binti mmoja aliyeandika Caprivi akapigwa X. Nimemrudishia maksi zake.

Wadogo zangu, nawapenda, lakini leo mtanivumilia.

1. Anza na tarehe, ndipo umtafute mtu. Aliyetangaza vita dhidi ya Ujerumani Septemba 3, 1939 ni Chamberlain, waziri mkuu wa Uingereza. Churchill alikuwa waziri wake tu, na uwaziri mkuu aliupata Mei 10, 1940.

2. Mikutano ya Berlin ni miwili. Wa 1878 ulihusu Balkani, na Disraeli, waziri mkuu wa Uingereza, alikwenda mwenyewe. Wa 1884–85 ulihusu Afrika, na Uingereza ilikuwa chini ya waziri mkuu Gladstone.

3. Ogopeni hadithi tamu. Hapa nitakaa kidogo, maana mimi ndiye niliyeungua.

Nilipoanza kazi nilikuwa na kipindi changu cha maonyesho: Kilimanjaro. Nilijifunga khanga kichwani, nikawa Malkia Victoria, nikamkabidhi mlima mjukuu wangu Kaisari Wilhelm kwa siku yake ya kuzaliwa. Ubaoni nachora mpaka unaotoka mlango wa mto Umba, unapita Ziwa Jipe, unazunguka mlima kwa kaskazini, kisha unanyooka hadi Ziwa Victoria. "Mnaona ulivyopinda? Zawadi hiyo!" Darasa linavunjika mbavu. Hata kidato cha jirani walikuwa wakichungulia dirishani.

Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, makubaliano ya mpaka umesema ni ya 1886. Na Wilhelm umesema alitawazwa 1888. Alipewa mlima kabla ya kiti?"

Nikamwambia akae chini, tuna silabasi ya kumaliza. Ndiyo, nilisema hivyo, na sijisifu.

Usiku nikafungua vitabu. Mwaka 1886 kaisari alikuwa Wilhelm wa Kwanza, babu yake, mzee aliyefariki Machi 1888 akiwa na miaka 90. Akafuata Friedrich, mkwe wa Victoria, akatawala siku 99. Mjukuu mwenyewe akakalia kiti Juni. Mpaka ulipangwa na wanadiplomasia wakati wa Salisbury, waziri mkuu wa Uingereza, na Bismarck, kila upande ukilinda madai yake. Mjerumani Carl Peters na wenzake walishapita bara wakikusanya mikataba na machifu. Khanga haikuhusika.

Nilirekebisha kesho yake mbele ya darasa lote, nikamshukuru yule kijana kwa jina. Unadhani walinisikia? Kwenye mtihani wa muhula karibu nusu ya darasa wameandika "birthday", wengine na kicheko changu pembeni. Nikawakata maksi kwa maneno yangu mwenyewe. Kusahihisha ubao ni dakika moja. Kichwa cha mtoto aliyecheka ni kazi nyingine kabisa.

4. Mkutano wa Potsdam, Julai 1945, ni swali zuri la kuwachangamsha baada ya chakula cha mchana. Rais Roosevelt wa Marekani alishafariki Aprili, kwa hiyo yupo Truman. Churchill alifika kama waziri mkuu, akashindwa uchaguzi, Attlee akaja kumalizia kikao. Kati ya wakubwa watatu waliokutana Yalta Februari mwaka huo (Roosevelt, Churchill na Stalin), Stalin peke yake ndiye aliyebaki mezani hadi mwisho. Waulize nani alikaa wapi na lini, uone wanavyogombana.

5. Gladstone alikuwa waziri mkuu mara nne: alianza 1868, 1880, 1886 na 1892. Anayeandika "enzi za Gladstone" bila mwaka, msimpe maksi. Na huo mwongozo wa Heligoland, mwenye nakala aufute leo, usije ukaingia kwenye madesa ya shule jirani.