Mdogo wako asiache dozi! TB na methadoni, yaliyonikuta mimi

Dada, huyo mjomba wako mpe chai aondoke. Sijasalimia, najua. Nimeusoma uzi wako ndani ya daladala nikapitiliza kituo, natembea kurudi huku naandika.

Unasema mdogo wako ana miezi minne anakunywa methadoni, ile dawa ya kuachia unga (heroini), alikuwa ametulia, wiki mbili zilizopita kapimwa kakutwa na TB, kaanza dawa kwenye zahanati ya mtaani. Sasa usiku halali, miayo haimwishi, machozi na kamasi vinamtoka, mifupa inamuuma. Mjomba kasema dawa mbili zinagombana, asimamishe methadoni mpaka amalize TB. Halafu umeuliza pia kuhusu kazi yake ya gereji na kufunga choo.

Swali langu moja. Pale zahanati wanajua kwamba anakunywa methadoni? Na kule kliniki, dirishani anakokunywa dozi, wanajua kwamba kaanza dawa za TB? Naapa hawajui, au anajua mmoja tu.

Mimi nilikuwa nakunywa methadoni miligramu 70 kwa siku, mwezi wa saba tangu nianze. Nimenenepa, nimerudi kwenye ufundi wa aluminiamu, mama kaanza kuniachia funguo. Funguo! Mimi niliyewahi kuuza sufuria na wali ukiwa bado ndani. Nikaanza kukohoa, jasho la usiku, makohozi yakapimwa, TB. Daktari pale zahanati akaniuliza, "Kuna dawa nyingine yoyote unatumia?" Nikasema hapana. Nyuma yangu kwenye benchi alikaa mama mmoja wa mtaani kwetu, mlango uko wazi, nikaona aibu. Hiyo "hapana" ndiyo neno lililonigharimu kuliko yote niliyowahi kutamka, na mimi nimewahi kutamka "ndiyo" mbele ya hakimu.

Kwenye dawa za TB kuna rifampisini, ile inayougeuza mkojo kuwa Mirinda. Rifampisini inalichochea ini liivunje methadoni haraka kuliko kawaida. Dozi iliyokuwa inakushika mpaka kesho yake unapofika dirishani, inakatika usiku wa manane. Umejaza mafuta ya Mbezi mpaka Gerezani, yanakuishia Ubungo. Tena haianzi siku ile ile, inakunyemelea kwa siku kadhaa mpaka wiki mbili, ndiyo maana hata hukumbuki kuihusisha na vile vidonge. Ile ni arosto, dada, mwili unadai dawa. Mdogo wako hadeki, wala hajarudi kwenye unga. Bado.

Kwangu ilianza siku ya tisa. Na mimi badala ya kumuuliza muuguzi, nikamuuliza Profesa. Profesa ni jamaa wa maskani, hajawahi kufika hata geti la kliniki ya methadoni, ila anajua dozi ya kila mtu. Akaniambia, "Wanachakachua hao, wanaongeza maji, dawa nzuri wanauza." Nikamwamini! Kesho yake nikaenda dirishani nikamtukana dada wa watu aliyekuwa ananihudumia miezi saba, anayenikumbusha kila siku niseme neno baada ya kumeza ili aone sijaiweka shavuni. Nimemtukana mbele ya foleni nzima, nikaondoka. Siku nne sikurudi. Profesa, kama unasoma hapa, Mungu anakuona, na zile elfu kumi zangu bado anaziona.

Siku ya pili nikapata kete ya unga. Siku ya nne nikaongeza na valiamu za mtaani ili nilale. Dada, unga na valiamu kwa pamoja vinakunyima pumzi, unalala ukisahau kuhema. Jirani alinikuta nyuma ya banda midomo imekuwa kama nimekula zambarau. Bodaboda akanibeba katikati yake na rafiki yangu mpaka hospitali, wakanichoma naloksoni, sindano ya kumzindua aliyezidiwa na unga, nikaamka na arosto ya karne na nikawatukana na hao pia. (Niliporudi kuwaomba radhi walicheka. Wamezoea.)

Ila kilichoniuma zaidi ya pumzi ni cherehani. Kati ya siku ya pili na ya nne niliuza cherehani ya mama, Singer ya miguu, aliyonisomeshea. Elfu sitini. Nimezunguka Tandale na Manzese kuitafuta, sijaipata mpaka leo. Mama hakusema kitu, alichukua tu funguo zake mezani. Na vidonge vya TB vyenyewe nilikuwa nimevikatisha humo humo, na TB ukiichezea hivyo inajenga usugu.

Niliporudi kliniki hawakunipa 70. Ukikosa siku kadhaa mfululizo mwili unashuka, wakikupa dozi ya zamani wanaweza kukuua, kwa hiyo wananianzisha chini, tunapanda upya. Safari hii nikaweka mezani kadi ya TB, nikasema kila kitu. Daktari akasikitika, "Ungesema mapema tungekupandishia taratibu tu." Ndivyo walivyofanya. Mpaka miayo inaisha nilikuwa miligramu 115, nakunywa pamoja na vidonge vya TB, nikalala kama mtoto. Yaani tiba ya tatizo la mdogo wako inawezekana ni kuongezewa methadoni, na mjomba anataka aipunguze iwe sifuri! Huyo mjomba kasomea wapi? Muhimbili wamefungua kliniki ya kwanza ya methadoni mwaka 2011, watu wenye TB na HIV wamepita humo wakiwa na dozi zao, yeye ndiye kagundua leo kwamba zinagombana.

Na msijipandishie wenyewe, wala asiongezee na kidonge cha rafiki. Daktari ndiye anapandisha, kidogo kidogo, methadoni inakaa mwilini muda mrefu na inajirundika.

Kitu kingine hakuna atakayekwambia: siku anayomaliza rifampisini, waambie tena dirishani. Ini linarudi polepole kwenye mwendo wake wa kawaida, dozi ile kubwa inaanza kuzidi, anaweza kusinzia amesimama. Mimi walinishusha hatua kwa hatua. Na akiongezewa dawa nyingine yoyote, ya kifafa, za HIV, hata ya fangasi, ataje methadoni kwanza kabla ya jina la baba yake. Kama anaona aibu, andika kwenye karatasi akaitoe tu. Mimi natembea nayo kwenye pochi, nimeiandika kwa herufi kubwa, imechakaa kuliko kitambulisho.

Kesho alfajiri nenda naye. Chukua kadi ya TB na vile vidonge na boksi lake, usiviseme kwa mdomo. Asikose dozi ya kesho hata kama hajalala. Kufunga choo, maji na papai, na amwambie muuguzi. Kazi ya gereji nimesahau swali lilikuwaje, nitarudi kusoma. Ila huyo mjomba asiende na nyie.