Betri inafanya kazi, jua linapewa sifa

Swali: Ili kupasua maji kuwa hidrojeni na oksijeni kwa mwanga, nimeotesha vijiti vya nano (vidogo mno) vya hematiti, aina ya oksidi ya chuma, juu ya kioo kinachopitisha umeme, nikakizamisha kwenye maji yenye sodiamu haidroksaidi pamoja na waya wa platinamu. Nikiunganisha betri ya volti 1.5 na kuwasha taa ya miliwati 100 kwa sentimita mraba, napata miliampea 2 kwa kila sentimita mraba. Nimezidisha kwa 1.23, volti za chini kabisa za kupasua maji, ufanisi ukawa asilimia 2.46. Vijiti vikiwa vyembamba zaidi, utapanda?

Jibu: Ufanisi wako ni hasi, ndugu yangu. Betri umeiacha nje ya hesabu. Toa kwanza volti zake kwenye 1.23, ndipo uzidishe kwa mkondo: hasi 0.27 mara 2, gawa kwa 100, ni hasi asilimia 0.54. Umeme ulioingiza una nishati nyingi kuliko hidrojeni uliyopata, hata tukikubali kwamba mkondo wote umegeuka gesi, jambo ambalo hukulipima. Na usiniambie kwamba ukizima taa mkondo unaanguka. Unaanguka, kweli. Mwanga unapunguza volti zinazohitajika, lakini anayelipa bado ni betri.

Wembamba una kazi yake: kwenye hematiti tundu la chaji (nafasi chanya inayobaki elektroni ikiondoka) husafiri nanomita chache tu kabla ya kupotea. Ila eneo la uso wa vijiti likizidi, elektroni na matundu hupata mahali pengi pa kukutana na kufutana. Paka kichocheo cha kobalti na fosfeti, teremsha volti, upime upya.

Kinachonichosha ni video za mapovu. Huyu katia methanoli, yule sodiamu salfaiti, kisha wote wanatangaza wamepasua maji. Vitu hivyo hutoa elektroni kwa wepesi kuliko maji, kwa hiyo kazi ngumu ya kutoa oksijeni imerukwa. Halafu wapo matapeli wanaouza visanduku vya kugeuza maji kuwa mafuta kwa jua. Miliampea 2 zikipita saa nzima hutoa hidrojeni isiyofika mililita moja. Ukionyeshwa puto lililojazwa kwa dakika chache na kioo cha ukubwa wa kiganja, fuata nyaya uone zinakoishia. Na gesi zote mbili zikitoka kwenye mrija mmoja, usikae hapo: hidrojeni hushika moto hata ikiwa asilimia 4 tu hewani, na ikichanganyika na oksijeni cheche moja inatosha.