Tairi la trela ya boti likila upande, leta futi kwanza
Fundi wa tairi atakwambia ununue jipya, na hajakosea: tairi lililotoka nyuzi halifai kuingia barabarani. Ila jipya nalo litaliwa vilevile kama ekseli, ule mhimili unaounganisha magurudumu mawili, imehama. Kwa hiyo lile la zamani usilitupe kabla hujalisoma.

Likiisha kingo zote mbili huku katikati bado lina meno, upepo ulikuwa mdogo. Likiisha katikati tu, ulijaza mno. Mabonde mabonde mzunguko mzima? Tikisa gurudumu, huenda beringi imelegea. Matairi yote mawili yakila kwa ndani, mara nyingi ekseli imepinda kwa uzito.

Langu la kulia lilikula ndani, la kushoto nje. Hapo ekseli imekaa mshazari: upande wa kulia umerudi nyuma, na trela inafuata gari kama kaa. Kuhakikisha ni rahisi. Egesha mahali tambarare, pima kutoka katikati ya kichwa cha trela, pale kinapokalia bola ya gari, hadi kila ncha ya ekseli. Vipimo vikipishana zaidi ya milimita 3 hivi, kuna jambo. Vyangu vilipishana 14.

Boti yangu ni ya faiba, naishusha Mtwapa, pwani ya Kenya, na maji ya chumvi hayana huruma na springi za bapa, zile za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kutu huingia kati ya bapa na bapa, ikavimba na kuzipanua. Lakini kilichokatika kwangu ni sentabolti, ile inayopita katikati ya springi na kichwa chake kuingia kwenye tundu la kikalio cha ekseli. Ikikatika, zinabaki yubolti peke yake, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi na ekseli pamoja, kuishika ekseli, na kila shimo linaisogeza kidogo. Kwa nje huoni kitu.

Toa boti kwanza, kisha weka stendi chini ya fremu. Usilale chini ya trela iliyoshikwa na jeki tu. Yubolti zilizoganda kwa kutu zikate kwa grainda, nunua mpya zilizochovywa zinki. Springi badilisha pande zote mbili pamoja na bushi zake za kwenye matundu ya ncha, maana mpya na iliyochoka hazibebi sawa. Unaporudisha ekseli angalia upinde wake: nyingi zimetengenezwa na upinde mdogo unaotazama juu, na ukiigeuza matairi yataanza kula ndani. Ekseli iliyopinda sana mimi nabadilisha. Wapo mafundi wa kuipasha moto na kuinyoosha, lakini moto huo unadhoofisha chuma na kuunguza zinki.

Kaza yubolti kwa kupokezana, kidogo kidogo, usimalize moja ukahamia nyingine. Ukifika ufukweni, acha habu, vile vitovu vya magurudumu vyenye beringi, zipoe kabla ya kuzizamisha. Habu ya moto ikiingia ghafla kwenye maji baridi huyavuta ndani kupitia oili sili, ule mpira unaozuia grisi isitoke, na hiyo beringi haitakaa. Ukitoka, osha springi kwa maji ya bomba yasiyo na chumvi. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, kaza tena yubolti na upime upya kwa futi.