Melatonini na ini lenye mafuta: niliyojifunza baada ya kununua chupa ya kwanza

Nilikuwa nimelala chali, tumbo limepakwa ile jeli ya baridi, na mpimaji wa altrasaundi anapitisha kifaa chake chini ya mbavu za kulia. Akanigeuzia skrini kidogo. "Hii ni figo," akasema, akionyesha umbo la kijivu lililofifia. "Na hili ndilo ini lako." Ini lilikuwa jeupe, linang'aa kuliko figo iliyo jirani yake. Kwa mtu mzima kiafya vivuli vya viungo hivi viwili hukaribiana. Mafuta ndiyo yanayolifanya ini ling'ae hivyo.

Majibu yakaandikwa: mafuta kwenye ini, daraja la pili kati ya matatu. ALT, kimeng'enya ambacho hupanda kwenye damu seli za ini zikiumia, kilikuwa 78, juu ya kawaida. Sinywi pombe, kwa hiyo nilidhani kuna makosa. Hayakuwapo. Uzito wangu ulikuwa kilo 91 na kiuno kilikuwa kimeshapita mipaka yake zamani.

Wakati huo huo nilikuwa silali. Nilikuwa najigeuza hadi saa nane usiku, asubuhi naamka kama niliyepigwa. Kwa hiyo niliposoma mahali kwamba melatonini, ile homoni ya usingizi, inapunguza pia mafuta kwenye ini, nilifurahi kama mtu aliyepata funguo alizopoteza. Kidonge kimoja, maradhi mawili! Nikanunua chupa ya vidonge vya miligramu 10 bila kumuuliza mtu.

Nataka nieleze kwa makini kilichofuata, maana kila wiki naona watu wakishauriana jambo hili hili, na najua matumaini waliyo nayo.

Kwanza, habari yenyewe haikutungwa. Panya waliolishwa mafuta mengi kisha wakapewa melatonini, ini lao hukusanya mafuta machache na uvimbe hupungua. Homoni hii huzima baadhi ya kemikali zinazounguza seli, na seli za ini hupata faida hiyo. Kwa binadamu yamefanyika majaribio pia, mengine Poland, mengine Iran, kwa dozi kama miligramu 5 mara mbili kwa siku au miligramu 6 usiku. Katika baadhi yake vimeng'enya vya ini vilishuka. Lakini yalikuwa majaribio madogo, ya wiki au miezi michache, na matokeo yake hayafanani yote. Kinacholiharibu ini hasa kwa ugonjwa huu ni makovu yanayojengeka miaka na miaka, na hakuna jaribio lililoonyesha kwamba melatonini inayaondoa. Ndiyo maana miongozo ya madaktari wa ini haiiweki kwenye orodha ya tiba.

Mimi nilikwenda kupima tena baada ya wiki sita za vidonge. ALT ilikuwa imeshuka hadi 61. Nilimwekea daktari karatasi mezani kama mtoto anayeonyesha ripoti ya shule. Akauliza swali moja tu: "Umepungua kilo ngapi?" Mbili, nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema huenda ni kidonge, huenda ni zile kilo mbili, na kwa namna nilivyoanza mambo yote kwa pamoja hakuna atakayeweza kujua. Halafu akaniambia jambo ambalo natamani kila mwenye ini lenye mafuta alijue: vimeng'enya vinaweza kuwa vya kawaida kabisa na mafuta bado yamejaa. Namba kushuka si ushahidi kwamba ini limepona. Alinituma nikapime ugumu wa ini, kipimo kile kinachogonga ubavuni taratibu, tujue kama kovu limeanza. Bahati nzuri lilikuwa halijaanza.

Kisha akachukua kalamu akanichorea tumbo na ini. "Hiki kidonge ukimeza kinapita wapi?" Kutoka kwenye utumbo, damu hupeleka kila kitu kwenye ini kwanza. Ini ndilo linalovunja melatonini, na sehemu kubwa huvunjwa pale pale kabla haijafika kwenye damu ya mwili mzima. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo kinaitwa CYP1A2. Kwa mtu ambaye ini lake limeshafika hatua ya sirosisi, yaani limejaa makovu, kazi hiyo huzorota, na melatonini hubaki mwilini hadi mchana. Mtu anasinzia kutwa. Kama ini limeanza kuathiri akili yake, usingizi huo unaweza kuficha dalili ambazo nyumbani wangepaswa kuziona. Kwa hiyo mwenye sirosisi asijaribu kabisa bila daktari wake.

Zipo na dawa zinazozuia kimeng'enya hicho hicho. Fluvoksamini, ya mfadhaiko, hupandisha melatonini mwilini mara nyingi zaidi. Siprofloksasini, ile antibiotiki inayojulikana sana, nayo huchelewesha uvunjaji wake. Anayetumia warfarini kuzuia damu kuganda naye aulize kwanza. Kwa mtu wa kawaida mwenye ini lenye mafuta, dozi ndogo ya muda mfupi haijulikani kulidhuru ini, na hilo ni jambo la kushukuru. Ila dozi ndogo ndiyo neno lenyewe. Miligramu 10 zangu zilikuwa zinaniletea ndoto za kutisha na kichwa kizito hadi saa nne asubuhi.

Halafu kuna suala la kilichomo chupani. Watafiti wa Kanada walipima bidhaa 31 za melatonini, wakatoa matokeo mwaka 2017: nyingine zilikuwa na pungufu ya asilimia 83 kuliko ilivyoandikwa, nyingine zimezidi kwa asilimia 478. Mwaka 2023 huko Marekani zilipimwa peremende 25 za kutafuna, na 22 kati yake lebo haikulingana na yaliyomo. Uingereza melatonini hutolewa kwa cheti cha daktari, lakini Marekani huuzwa kama kirutubisho tu. Baada ya kusoma haya niliitazama chupa yangu upya. Sikujua hata nilikuwa nameza kiasi gani.

Jambo lililonibadilisha hasa lilikuwa lingine. Melatonini ni ujumbe wa giza. Tezi ndogo ndani ya ubongo huitoa jua likishazama na taa zikififia, kiwango kikapanda saa mbili hivi kabla ya muda wako wa kulala, kikafika kilele kati ya saa nane na saa kumi usiku. Seli za ini zina saa yao nayo. Zinajua kuna muda wa kupokea chakula na muda wa kufunga hesabu. Mimi nilikuwa nakula mlo wangu mkubwa saa tano usiku na kulala saa sita. Yaani mwili unatangaza usiku, na mimi naleta mzigo.

Huko Uhispania watu 845 walipewa kinywaji cha glukosi, siku moja muda wa saa nne kabla ya kulala, siku nyingine muda wa saa moja kabla. Ile ya saa moja kabla, melatonini ilikuwa juu mara tatu na nusu, insulini, homoni inayoshusha sukari, ikatoka kwa uchache na sukari ikabaki juu kwenye damu. Wenye aina fulani ya jeni ya kipokezi cha melatonini waliathirika zaidi. Na sukari inayobaki juu, mwili ukiwa umeshakuwa sugu kwa insulini, ndiyo njia mojawapo ya mafuta kuingia kwenye ini. Sasa fikiria mtu anayemeza melatonini kwa ajili ya ini lake, kisha anakula. Mimi nilifanya hivyo wiki sita: kidonge saa nne na nusu, sahani saa tano. Ukichukua neno moja katika makala yote haya, chukua hili: ukishameza, usile tena.

Daktari alinishusha hadi miligramu 2, saa moja kabla ya kulala, kwa wiki tatu tu, ili kurudisha saa ya mwili nyuma. Mlo wa jioni nikausogeza hadi saa moja. Simu ikalala sebuleni. Wiki ya kwanza mkono wangu ulikuwa unapapasa kando ya kitanda gizani, unaitafuta. Taa za juu nikazizima saa tatu, nikabaki na moja ya pembeni. Nikaanza kutembea dakika 40 kila siku, na vinywaji vya sukari nikaviacha kabisa, jambo lililoniuma kuliko yote. Alinipa malengo kwa namba: ukipungua asilimia 5 ya uzito, mafuta kwenye ini hupungua, ukifika asilimia 7 hadi 10, uvimbe nao hutulia, na kwa wenye kovu, huenda nalo likalegea.

Ukikoroma kwa nguvu na mwenzako akasema huwa unakata pumzi usingizini, nenda ukapimwe hilo mapema. Tatizo hilo huambatana sana na ini lenye mafuta, na melatonini hailitibu.

Miezi kumi baadaye nilikuwa na kilo 83. ALT 34. Altrasaundi ilisema daraja la kwanza. Ini bado linang'aa kidogo kuliko figo, nimeliona kwa macho yangu. Usingizi unanichukua kabla ya saa tano. Chupa ina vidonge vyake vingi ndani, na miadi ijayo nitaenda nayo, kwa sababu daktari ameomba asome lebo mwenyewe. Kama unayo ya kwako kabatini, ibebe pamoja na orodha ya dawa zako zote, na umwambie ni saa ngapi unakula mlo wako wa mwisho.