Bukta ya kuendeshea rikambenti hapa Dar: achana na pedi, angalia mshono

Mkuu, umeuliza hivi: umepata rikambenti ya mtumba, unatoka nayo Mbezi Beach mpaka Posta, ukifika makalio yanawaka, kinena kimelowa, na muuza baiskeli kakushauri ununue bukta ya pedi kama za wakimbiza mbio. Sasa unataka kujua uchukue ipi. Kwa upande wangu, yenye pedi usinunue kabisa. Nitakueleza sababu, halafu nikwambie ninachokitafuta mimi nikiingia mitumbani Karume. Hili jambo liko moyoni mwangu, maana nimeona watu wakiziuza baiskeli nzuri kabisa kwa sababu ya nguo tu.

Kwa wengine wanaosoma: rikambenti ni ile baiskeli unayokaa kwenye siti pana yenye mgongo, umeegemea nyuma, miguu imetangulia mbele, na pedeli ziko karibu usawa wa nyonga au juu yake.

Kwenye baiskeli ya kawaida uzito mwingi unabebwa na mifupa miwili ya makalio juu ya siti nyembamba, na sehemu laini ya katikati inabanwa. Pedi iliwekwa kwa ajili hiyo. Zamani ilikuwa kipande cha ngozi laini, siku hizi ni sponji. Kwenye rikambenti uzito umegawanyika kati ya makalio na mgongo mzima, na pale katikati hapabanwi na kitu. Kwa hiyo pedi inakaa mahali pasipo na kazi. Inajikunja, inanyonya jasho na kulitunza, na ukingo wake wa nyuma unaishia jirani na kifandugu, pale pale siti inapokusukuma. Siti yako ndiyo pedi. Bukta inachotakiwa kufanya ni kutoiharibia siti kazi yake.

Muuzaji simlaumu, anauza kinachotengenezwa. Mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure alipanda rikambenti iliyoundwa na Charles Mochet, akaivunja rekodi ya saa moja, yaani umbali mrefu kuliko wote kuwahi kuendeshwa kwa saa moja, iliyokuwa imesimama tangu 1914, akafikisha kilomita 45 na ushee. Mwaka uliofuata UCI, chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli, kikaamua kwamba baiskeli za aina hiyo hazihesabiki kwenye mashindano yake. Viwanda vya nguo hufuata mashindano. Ndiyo maana mimi naamini sisi wa rikambenti tutaendelea kujitafutia nguo wenyewe, na hapa Dar hilo linawezekana vizuri kuliko sehemu nyingi, kwa sababu tuna mitumba na tuna mafundi cherehani kila kona.

Sasa mshono. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Geuza bukta yoyote ndani nje, uangalie nyuma. Utakuta mshono mmoja unashuka kutoka kiunoni, unapita katikati ya makalio, unakutana na mishono ya miguu chini ya kinena. Pale inapokutana panakuwa na kifundo kigumu. Ukitembea hukisikii. Ukikaa umeegemea, ule mshono wa nyuma unalala moja kwa moja kwenye kifandugu, na kila unapokanyaga pedeli makalio yanahama kidogo kushoto, kidogo kulia, mshono unasugua. Ukifika Mwenge ngozi imeshakuwa nyekundu. Mimi nikiwa sokoni napitisha dole gumba juu ya mshono wa nyuma kutoka kiunoni mpaka chini, taratibu, nikiwa nimeukandamiza kwenye kiganja cha mkono wa pili. Dole likikwama mahali, narudisha bukta kwenye rundo hata kama rangi imenipendeza. Mshono mzuri ni ule uliolazwa bapa, nyuzi zinaonekana pande zote mbili na hakuna kitambaa kilichosimama. Taiti za mazoezi zinakuwa nao mara nyingi. Na kama una taiti ambayo mshono wake umesimama ndani, ivae ndani nje chini ya bukta. Hakuna atakayeona, na kile kilichokuwa kinasugua ngozi kinahamia upande wa nje.

Ukubwa wake uupime ukiwa umekaa. Watu wanajipima bukta wakiwa wima, wakati rikambenti huendeshi wima. Omba kiti cha plastiki kwa muuzaji, wengi hawana neno. Vaa bukta juu ya suruali kama ni lazima, kaa umeegemea, weka kisigino juu ya kiti kingine kilicho usawa wa nyonga, halafu piga miguu kama unaendesha. Angalia mambo mawili. La kwanza, kiunoni nyuma: je, lastiki inashuka na kuacha mgongo wazi, au inajikunja na kutengeneza kamba ngumu pale siti inapobinuka kuubeba mgongo? Lastiki pana na laini ndiyo unayoitaka. Suruali yenye vibano vya mkanda, kifungo cha chuma au zipu ya nyuma iache, maana hapo kiunoni ndipo unapoegemea safari nzima. La pili, pindo la mguu linakwenda wapi.

Na hapa kwenye pindo niongee kidogo, kwa sababu ni suala la heshima pia. Goti likiwa juu ya nyonga, kitambaa kilicholegea kinateleza kuelekea kinena. Upepo nao unaingia kwa mbele kupitia miguuni na kuijaza bukta. Zile bukta za mpira wa kikapu, ndefu na pana, ambazo ungedhani zinasitiri, ndizo zinazoteleza kuliko zote. Ukisimama kwenye taa za makutano ya Morocco, hapa hapa Dar, pembeni kuna daladala na abiria wanakuangalia kutoka juu, wewe umelala na miguu imeinuka. Inatosha kusema kwamba bukta pana peke yake si vazi la barabarani. Ninachovaa ni taiti nyepesi inayofika juu kidogo ya goti, na juu yake bukta nyembamba ya kitambaa cha jezi isiyobana. Taiti inashika paja, bukta inasitiri umbo. Dada zetu wanaoendesha nao nimewaona wakivaa taiti ndefu na blauzi inayoshuka mpaka kwenye mapaja, halafu kanga iko kwenye begi nyuma ya siti, wakifika wanajifunga. Dera na gauni pana haviendi, cheni ya rikambenti ni ndefu na inapita karibu na mguu. Mimi mwenyewe hubeba kikoi, nikifika najifunga.

Kitambaa kinategemea siti uliyonayo, na hapo hujatuambia. Kuna siti za wavu uliotandazwa kwenye fremu, na kuna za ganda gumu lenye sponji juu. Ya wavu inapitisha hewa, kwa hiyo bukta nyepesi ya poliesta au nailoni inatosha na jasho linakauka ukiwa njiani. Ila ikiwa nyepesi mno, wavu unajichora kwenye ngozi, hasa kama ni wa nyuzi nene. Ya ganda gumu inakuja na shida tofauti. Kwanza jasho halina pa kutokea, linakusanyika kiunoni. Pili, nailoni inayong'aa inateleza. Mgongo ukiwa umelala sana na nguo inateleza, mwili unashuka taratibu kwenye siti, na unaishia kujisukuma kurudi nyuma kwa mabega. Watu wanaumwa shingo kwa hilo, wakadhani ni usukani. Kwa ganda gumu tafuta kitambaa chenye ukavu kidogo mkononi, kisichong'aa.

Pamba tupu kwa hali ya hewa ya Dar siishauri. Ni laini dukani, lakini ikishalowa jasho la Februari haikauki mpaka ufike, na kitambaa kilicholowa ndicho kinachochubua. Jinzi ndiyo mbaya zaidi: nzito, mishono minene, na vifungo vya chuma vinaweza kukata wavu wa siti. Boksa ya pamba chini ya bukta ya jezi inaharibu kila kitu, kwa sababu unarudi kwenye pamba ile ile iliyolowa na unaongeza mishono. Kama umevaa taiti, hiyo ndiyo nguo ya ndani.

Mifuko ya nyuma fundi aitoe. Yote. Hata ikiwa mitupu ni tabaka la ziada na mshono wa ziada chini ya makalio. Mifuko ya pembeni isiyo na zipu nayo inamwaga vitu, kwa sababu ukiegemea mdomo wa mfuko unatazama chini. Simu, funguo na hela viweke kwenye begi la nyuma ya siti au mfuko wenye zipu ubavuni mwa paja.

Sasa fundi. Chukua bukta nzuri ya mtumba, mpelekee fundi cherehani wa mtaani kwako na umwambie mambo matatu: atoe mifuko ya nyuma, abadilishe lastiki aweke pana, na pale mishono minne inapokutana chini ya kinena aifumue, apachike kipande cha kitambaa chenye umbo la almasi, ili mishono isikutane sehemu moja. Hicho kipande kinaipa bukta nafasi ya mguu kuinuka bila kuvuta kiuno. Mwambie atumie uzi wa poliesta na akupe bukta ujaribu ukiwa umekaa kabla hajamalizia. Fundi wangu alishangaa mara ya kwanza nilipoomba kiti na stuli, siku hizi ananiwekea mwenyewe.

Jua usilisahau, mkuu. Kwenye baiskeli ya kawaida paja linafunikwa na kivuli chako mwenyewe. Kwenye hii, mapaja na magoti yametazama juu. Jua letu mwanzoni mwa Machi na katikati ya Oktoba linapita karibu kabisa na utosi saa sita mchana. Na wewe kwa njia yako ndiyo usiseme: ukirudi Mbezi Beach alasiri unaelekea kaskazini-magharibi, na miezi ya Juni na Julai jua la alasiri liko huko huko mbele yako. Ngozi ya mbele ya paja, juu ya goti, inababuka hata kwa sisi tunaodhani weusi wetu unatosha. Kama safari yako ni ya mchana, taiti inayovuka goti ni bora kuliko fupi. Ni nyembamba, haizidishi joto kama unavyofikiri.

Hilo la makalio kuwaka, hata hivyo, nadhani bukta inalaumiwa bure kwa sehemu. Kwenye rikambenti misuli ya makalio inafanya kazi ya kusukuma pedeli huku imekandamizwa na siti. Damu haipiti vizuri, ndipo kunawaka, kwa ndani na siyo kwenye ngozi. Namna ya kutofautisha ni rahisi: ukifika, gusa ngozi. Ikiwa imechubuka au ina vipele, tatizo ni nguo. Ikiwa ngozi ni nzima lakini nyama inauma ukiibonyeza, tatizo ni mkao. Hapo laza mgongo wa siti kidogo zaidi ili uzito uhamie mgongoni. Angalia umbali wa pedeli pia: mguu unaponyooka goti libaki limekunjwa kidogo tu. Na tumia gia nyepesi, uzungushe haraka badala ya kukanyaga kwa nguvu. Kwenye taa ukisimama, nyanyua makalio kwenye siti mpaka taa iwake kijani. Njia ya Bagamoyo foleni zake zinakupa nafasi nyingi za kufanya hivyo.

Kufua: suuza bukta na taiti kwa maji matupu siku hiyo hiyo ukifika nyumbani. Chumvi ya jasho ikikaukia kwenye kitambaa inakuwa chembe zinazosugua kesho yake, na unyevu ukikaa ndani ya begi ndipo fangasi wa kinena wanapoanzia. Sabuni ya unga iwe kidogo, isuuzwe mpaka maji yawe meupe, maana mabaki ya sabuni yakikutana na jasho yanawasha. Dawa za kulainisha nguo usitumie kwenye kitambaa cha jezi, zinakizuia kupitisha jasho. Kuwa na mbili ili moja iwe inakauka, hasa wakati wa masika.

Rudi utuambie siti yako ni ya wavu au ya ganda gumu, na ukigusa ngozi unakuta nini. Kama ni ganda gumu na ngozi imechubuka, anza na kitambaa na mshono wiki hii, mgongo wa siti uache kwanza ulivyo ili ujue kipi kimesaidia.