Maswali ya Wasomaji: Roboti Isiyo na Waya Katika Bwawa la Nyumbani

Barua nyingi za safari hii zinauliza habari za chombo kimoja: roboti ya betri inayotumbukizwa kwenye bwawa la kuogelea, ikatambaa sakafuni na kunyonya uchafu. Tumechagua zinazogusa matatizo ya wengi. Hesabu tumezipiga kwa bwawa la mita 8 kwa 4 lenye kina cha wastani cha mita 1.5, yaani lita 48,000. Kama bwawa lako ni dogo au kubwa kuliko hilo, punguza au ongeza kwa uwiano.

Nina bwawa hapa Munyonyo, Kampala, na namlipa kijana anayekuja mara tatu kwa wiki. Nikinunua roboti naweza kuachana naye? Na pampu je, niiwashe mara mojamoja tu ili bili ya umeme ishuke? (Mama wa Munyonyo)

Mama, pampu usiiguse. Roboti inafagia sakafu, na baadhi yake hupanda kuta, lakini haitunzi maji. Kazi ya kusambaza klorini na kupitisha maji kwenye kichujio cha mchanga ni ya pampu peke yake. Maji yakisimama, mwani huanza kwenye pembe na nyuma ya ngazi, mahali ambapo roboti nayo haifiki vizuri. Lenga maji yote yapite kwenye kichujio angalau mara moja kwa siku: pampu inayosukuma lita 8,000 kwa saa inahitaji saa 6 kwa bwawa la lita 48,000.

Kijana naye msimfukuze, mbadilishieni kazi. Badala ya kuvuta mpira wa kunyonyea nusu siku, apime klorini na pH (kipimo cha uasidi wa maji), amwage kikapu cha skima (tundu la ukutani linalovuta uchafu wa juu ya maji), na aoshe mchanga kwa kurudisha maji kinyume kila geji ya kichujio inapopanda kwa baa 0.5 juu ya kipimo chake kikiwa safi. Huenda siku tatu zikawa mbili. Ila lazima awepo mtu nyumbani wa kuitoa roboti ikimaliza, kuifungua na kusuuza kichujio chake kwa maji safi. Roboti inayolazwa bwawani wiki nzima huchakaa upesi, kwa sababu klorini hukaa kwenye vichwa vya kuchajia na kwenye mipira inayozuia maji yasiingie kwenye mota.

Kabla hujalipa, mwulize muuzaji mambo haya: kichujio kina matundu ya maikroni ngapi (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), na kama kuna cha ziada chenye matundu madogo; kama inapanda kuta au ni ya sakafu tu; na kama ana betri, brashi na mikanda ya akiba hapa nchini. Hili la mwisho ndilo tunalolitilia mkazo kuliko yote. Roboti ya bei ya chini isiyo na vipuri ni hasara. Kama bwawa lako ni la chumvi, soma pia kijitabu uone kiwango cha juu cha chumvi kinachoruhusiwa. Nyingi huishia miligramu 4,000 au 5,000 kwa lita.

Mvua kubwa ikinyesha, maji mekundu huteremka kutoka barabarani hadi bwawani. Roboti inapita, inaacha wingu nyuma yake, kesho yake sakafu ni nyekundu tena. Je, imeharibika? (Msomaji wa Kira)

Haijaharibika. Umeipa kazi isiyoiweza. Chembe ya udongo wa mfinyanzi haifiki maikroni 2. Kichujio cha kawaida cha roboti kina matundu ya maikroni 180 hivi, kwa hiyo udongo unaingia mbele na kutokea nyuma, ndiyo maana unaona wingu. Hata kile kichujio chembamba cha maikroni 3 kitakamata mchanga laini tu na kuziba upesi. Kichujio cha mchanga cha pampu nacho hakishiki chembe za namna hiyo peke yake, maana uwezo wake ni kuanzia maikroni 20 na kitu.

Dawa ni shabu (alum), ile chumvi inayokusanya tope na kulizamisha. Toa roboti nje kwanza. Rekebisha pH iwe kati ya 7.2 na 7.6, kwa sababu shabu huishusha. Pima gramu 30 kwa kila lita 1,000, ambayo kwa bwawa letu ni karibu kilo moja na nusu. Iyeyushe kwenye ndoo ya maji, uimwage kidogokidogo ukizunguka bwawa lote. Weka valvu ya kichujio mahali pa kuzungusha maji bila kupita kwenye mchanga, washa pampu saa mbili, kisha zima kila kitu na uache usiku kucha. Asubuhi utakuta maji maangavu juu na utando mzito wa tope chini.

Hapa ndipo wengi huharibu kazi yote: wanafurahi kuona tope limekaa, wanatumbukiza roboti. Mikanda yake inalitibua tope, na baada ya dakika tano mmerudi mlikoanzia. Tope hili lazima linyonywe kwa mpira na mkono, polepole, valvu ikiwa imewekwa kumwaga maji nje kabisa, wala si kuyapitisha kwenye mchanga. Utapoteza sentimita kadhaa za maji. Jaza tena, pima klorini, na roboti iingie siku inayofuata kumalizia mabaki.

Na kwa kuwa mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Desemba zitarudi tu, mpe fundi wa ujenzi kazi ya siku moja: ajenge ukingo wa matofali au achimbe mfereji upande wa juu wa bwawa, ili maji ya barabarani yasifike kabisa.

Tunakaa Entebbe karibu na ziwa. Kuna asubuhi bwawa zima limefunikwa na usubi. Roboti inazunguka chini, wadudu wako juu. Tufanyeje? (Familia ya Entebbe)

Roboti nyingi hufanya kazi sakafuni na kwenye kuta, zinazonyonya uso wa maji ni chache. Usubi wa Ziwa Victoria huelea kwanza, kisha huloa na kuzama, kwa hiyo mna saa chache za kuuwahi. Tumieni wavu wa majani wenye matundu madogo mapema asubuhi. Vikeni kikapu cha skima soksi ndefu ya nailoni ya kike. Itakamata mbawa ambazo kikapu kinaziachia, nanyi mtaitoa na kuitupa. Baada ya hapo ndipo roboti iingie kuchukua waliozama.

Mpango wenyewe lakini uanze jioni. Wadudu hawa hufuata mwanga. Zimeni taa za ndani ya bwawa na za baraza kabla giza halijaingia, na panapohitajika taa ya usalama wekeni ya manjano badala ya nyeupe. Wadudu waliokufa wanakula klorini nyingi, basi pimeni siku hiyohiyo, msisubiri siku ya kawaida ya kupima. Kichujio cha roboti nacho kioshwe papo hapo: mabaki yakikauka kwenye wavu wake hugandamana, hunuka, na kuyatoa bila kuuchana wavu ni shida.

Roboti yangu inazunguka duara mahali pamoja, na siku hizi haipandi ukuta. Fundi anasema ni bodi ya umeme iliyo ndani yake. (Msomaji wa Bugolobi)

Usinunue bodi bado, ndugu. Kwanza izime, igeuze chali kwenye kitambaa. Toa nywele, nyuzi na vikonyo vya maua vilivyojisokota kwenye ekseli za magurudumu. Upande mmoja ukikwama, mwingine unaendelea kusukuma, nayo itageuka tu. Linganisha mikanda miwili: ukiwepo uliolegea au uliolika meno, ibadilishe yote kwa pamoja. Zungusha pangaboi la kunyonyea kwa kidole, liende bila kukwaruza. Hakikisha kifuniko cha kichujio kimefunga hadi ukasikia kinalia.

Rudisha majini, na hapa usiwe na haraka: izamishe ukiinamisha pande zote mpaka mapovu yakome. Hewa iliyobaki ndani huinua upande mmoja na kufanya ugonjwa uleule wa duara. Sasa itazame ikiwa majini. Usiiwashe nje ya maji hata kwa sekunde chache za kujaribu, kwani maji ndiyo yanayopoza mota na kulainisha mipira yake. Kama baada ya yote haya inageukia upande uleule kila mara, basi mota ya upande mmoja imechoka, na fundi aanzie hapo.

Kuhusu ukuta, pitisha kiganja juu ya vigae. Ukihisi utelezi, ni mwani mchanga ambao jicho halijauona. Sugua kwa brashi ya nailoni na uongeze klorini, roboti itapanda. Kichujio kilichojaa pia huizuia, maana kinachoibana ukutani ni nguvu ya maji yanayotupwa na pangaboi, na maji yasipopita nguvu haipo. Vigae vidogo vya kioo vinahitaji brashi za sponji, zile za mpira huteleza. Kama sakafu na ukuta vinakutana kwa pembe kali isiyo na mviringo, roboti nyingi zitagonga na kurudi, na hakuna fundi wa kulitibu hilo.

Betri ilikuwa inakwenda saa mbili, sasa dakika arobaini. Umeme wetu unakatika na kurudi kwa kishindo, mara nyingine tunachaji kwa jenereta. (Mzee wa Mbarara)

Mzee wetu, pima kwanza kabla ya kuilaumu betri. Osha kichujio, chaji hadi taa ionyeshe imejaa, weka kwenye sakafu tu, uhesabu muda hadi isimame. Kichujio kichafu kinafanya mota ivute umeme mwingi, na kupanda kuta hula betri kuliko sakafu. Ukipata chini ya nusu ya muda ulioandikwa kwenye kijitabu, betri imechoka kweli. Betri za lithiamu hupungua kila zinapochajiwa, na baada ya kuchajiwa mamia ya mara huwa zimepoteza sehemu kubwa ya uwezo wake.

Kinachoziua kabla ya wakati ni joto. Usichaji roboti iliyotoka juani. Iache kivulini ipoe na kukauka, futa tundu la kuchajia kwa kitambaa kikavu, kisha chomeka. Usichajie kwenye kibanda cha pampu kunakohifadhiwa klorini na asidi. Mvuke wake hula vichwa vya shaba, na ule ukungu wa kijani unaouona hapo ndio unaoifanya chaja ikatae. Usafishe kwa pamba yenye spiriti. Mkisafiri miezi kadhaa, iacheni na chaji ya nusu hivi, msiiache tupu, na mtu aiongezee kila baada ya miezi miwili au mitatu.

Kwa umeme unaorudi kwa kishindo, chomeka chaja kwenye kile kifaa cha kulinda friji kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme. Jenereta haina ubaya, ila iwashe kwanza, itulie, ndipo uchomeke. Na chomoa kabla ya kuizima. Betri mpya iwe ya kiwanda kilekile. Kila mwili ukifunguliwa, oringi (mpira wa duara unaozuia maji) iwe mpya na ipakwe grisi ya silikoni, si mafuta ya mgando, ambayo hulainisha baadhi ya mipira hadi ikavimba. Betri iliyovimba isichajiwe tena wala isichomwe kwenye takataka. Italipuka.

Bwawa limegeuka kijani. Roboti itaweza? (Msomaji wa Jinja)

Hapana. Mwani huuawa kwa klorini. Shusha pH hadi 7.2 kwanza: kwenye pH ya 8, ni kama robo tu ya klorini iliyo katika hali ya kuua kwa nguvu. Jioni, jua likizama, pima gramu 740 za klorini ya unga ya asilimia 65, itakayoongeza miligramu 10 kwa lita katika bwawa la lita 48,000. Tia unga ndani ya ndoo ya maji, kamwe usimwage maji juu ya unga, wala usiuchanganye na vidonge vya klorini ya aina nyingine au asidi. Moto na gesi ya sumu hutokea hapohapo. Sugua kuta, pampu ifanye kazi usiku kucha. Maji yakibaki kijani, rudia jioni inayofuata. Roboti iingie pale tu unapoiona sakafu na klorini imeshuka chini ya miligramu 4 kwa lita, na ujiandae kusuuza kichujio chake kila dakika ishirini, kwa sababu mwani uliokufa ni unga laini.

Watoto wanaweza kuogelea ikiwa inafanya kazi? Na kwa nini simu inaipoteza ikizama? (Msomaji wa Naguru)

Watoto watoke. Nywele na vidole havipaswi kuwa karibu na pangaboi, na mguu wa mtoto unaweza kubanwa kati yake na ngazi. Simu inaipoteza kwa sababu mawimbi ya redio ya Wi-Fi humezwa na maji ndani ya sentimita chache. Chagua programu yake kabla ya kuizamisha.

Ndugu yangu anatoka Dubai. Anaweza kuniletea roboti kwenye begi? (Msomaji wa Gulu)

Asome maandishi kwenye betri na azidishe volti kwa ampea-saa. Betri ya volti 25.9 na ampea-saa 7.8, kwa mfano, ni wati-saa 202. Hadi 100 kwa kawaida hakuna shida, kati ya 100 na 160 anahitaji ruhusa ya shirika la ndege, na zaidi ya 160 haikubaliwi kwenye mizigo ya abiria, iwe begi la mkononi au la chini. Kubwa hivyo itumwe kama shehena (kago), na wakala aambiwe wazi kwamba ndani kuna betri ya lithiamu. Aangalie pia chaja iwe imeandikwa volti 100 hadi 240, maana umeme wetu ni wa 240.