Maswali Yenu ya Biashara: Faida Inapotelea Wapi?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nina duka la rejareja, kila bidhaa nikinunua naongeza asilimia 25 juu yake, wateja wanakuja vizuri tu lakini mwisho wa mwezi nikikaa kuhesabu hela siioni. Juzi nikaweka ofa ya asilimia 10, nikauza sana kweli, ila hela ndo ikapungua zaidi. Shida iko wapi?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na asante kwa kuja na namba maana bila namba tungebaki kubahatisha. Anza hapa, kuongeza asilimia 25 juu ya bei uliyonunulia hakukupi faida ya asilimia 25 kwenye mauzo. Ukinunua kwa 100 ukauza 125, ile 25 ni asilimia 20 tu ya hela iliyoingia, na hapo bado hujatoa kodi ya pango, umeme, mishahara, usafiri, vilivyoharibika na vilivyoibiwa. Sasa ukaja na ofa ya asilimia 10, bei ikashuka kutoka 125 mpaka 112.5, kwa hiyo ile 25 yako imekatika katikati imebaki 12.5. Ili urudi palepale ulipokuwa lazima uuze mara mbili, na mara mbili si mchezo. Uliuza sana, sawa, lakini ungetakiwa uuze maradufu ndo utoke sare.

Geuza hesabu uione upande wa pili. Ukiuza kwa 130 badala ya 125, faida ya kila kimoja inakuwa 30, kwa hiyo hata kama zamani uliuza 60 na sasa unauza 50, faida ghafi, yaani kabla hujatoa gharama za duka, ni ileile 1,500. Sisemi upandishe kila kitu, hapana, wateja watakukimbia. Kuna bidhaa chache ambazo kila mteja bei yake anaijua kichwani na ndizo anazotumia kuamua kama duka lako ni ghali, hizo bei yake iwe ya chini hata kama faida ni ndogo sana. Vile vitu vidogovidogo ambavyo mtu anachukua bila kuulizia duka la jirani ndo pa kuongeza kidogo. Maduka makubwa yanaishi hivyo, na wewe kuweka asilimia 25 sawasawa kwa kila kitu maana yake unapoteza huku na huku.

Halafu angalia mzigo unaolala. Bidhaa yenye faida ndogo inayotoka kila wiki inaweza kukulisha kuliko ile yenye faida nono iliyokaa miezi sita, kwa sababu mtaji uleule unazunguka tena na tena. Costco, maduka makubwa ya Marekani, imejengwa juu ya hilo, inajulikana kwa kuweka kikomo cha kama asilimia 14 au 15 juu ya bei ya kununulia, ina aina za bidhaa kama 4,000 tu wakati supamaketi za kawaida zina makumi ya maelfu, na sehemu kubwa ya faida yake inatoka kwenye ada za uanachama wanazolipa wateja. Punguza aina za bidhaa, usipunguze bei kwanza.

SWALI: Pakiti zinazidi kuwa ndogo na bei haibadiliki. Huu si wizi?

JIBU: Kama uzito umeandikwa kwa ukweli kwenye pakiti, mara nyingi sheria haijavunjwa, lakini mimi naona kunyamaza ni kumnyima mteja haki yake. Viwanda vinafanya hivi kwa sababu malighafi ikipanda, mteja anaiona bei haraka kuliko anavyoona gramu. Mwaka 2016 chokoleti za Toblerone za Uingereza zilipunguzwa kutoka gramu 400 hadi 360 kwa kupanua nafasi kati ya vile vilima vyake, watu wakashtuka kwa sababu tu umbo lilibadilika waziwazi. Ufaransa tangu Julai 2024 maduka makubwa yanatakiwa kubandika tangazo pale bidhaa inapopunguzwa ujazo bila bei kushuka kwa kiwango hicho. Wewe linganisha bei kwa kilo au kwa lita, hapo hakuna pakiti itakayokuficha kitu.

SWALI: Mimi ni msambazaji. Mnunuzi wangu mkubwa ananunua zaidi ya nusu ya mzigo wangu, sasa anataka diskaunti na pia anataka kunilipa baada ya siku 90. Nikikataa naogopa kumpoteza, nifanyeje?

JIBU: Pole, na hili linaniuma kweli maana mkubwa hapo anafanyia biashara mtaji wako. Hela inayorudi kila siku 30 inazunguka kama mara 12 kwa mwaka, ya siku 90 mara 4, kwa hiyo hizo siku nazo ni diskaunti, ila haijaandikwa popote. Umoja wa Ulaya uliliona hili ukatoa agizo mwaka 2019 kwamba wanunuzi wakubwa walipe wasambazaji wadogo ndani ya siku 30 kwa bidhaa za kilimo na chakula zinazooza, na 60 kwa nyingine za aina hiyo.

Usikatae kavu. Mpe bei mbili, ya anayelipa mapema na ya anayechelewa, halafu tofauti iwe gharama halisi ya mkopo utakaouchukua kuziba pengo. Diskaunti ifungwe kwenye kiasi alichonunua kweli, umlipe mwisho wa robo mwaka, usimkatie mwanzoni kwa ahadi. Hata wakubwa wanagombana, Januari 2024 bidhaa za PepsiCo, kampuni ya soda ya Pepsi, zilitoka kwenye rafu za maduka makubwa ya Carrefour Ufaransa na nchi nyingine kadhaa za Ulaya kwa sababu ya bei, zikarudi miezi michache baadaye. PepsiCo ina wateja wengine wa kuiweka mjini, wewe nusu ya mauzo yako iko kwa mtu mmoja, kwa hiyo anza leo kutafuta wanunuzi wadogo hata watano kabla ya kukaa naye mezani.

SWALI: Nijaze stoo kabla bei hazijapanda?

JIBU: Kwa bidhaa zinazotoka haraka na haziharibiki, ndiyo, kiasi, maana mzigo nao unaweza kuchelewa njiani. Machi 2021 meli ya Ever Given iliziba Mfereji wa Suez siku sita, na tangu mwisho wa 2023 meli nyingi zikaacha Bahari ya Shamu zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema kule kusini mwa Afrika, safari ikarefuka kwa siku 10 au zaidi. Kwa hiyo akiba ipimwe kwa siku mzigo wako unazochukua kufika ukichelewa, zidisha kwa mauzo ya siku moja. Zaidi ya hapo unalipia stoo na mtaji umefungwa. Na tafuta supplaya wa pili hata kama ni ghali kidogo, mpe oda ndogo kila mara ili siku ya shida awe anakujua.